Mwache Aende Haja, Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa Portland, barua yako imenifikia. Umeniita yaya, yaani dada mkubwa, kama mnavyoitana kwenu Kongo, nami naupokea ukubwa huo kwa moyo wote. Unasema binti yako yuko darasa la tano katika shule ya serikali hapo Maine, na kwamba juzi alirudi nyumbani na habari iliyokukosesha usingizi. Darasani mwao yuko mtoto ambaye alipozaliwa aliandikwa mvulana na sasa anaishi kama msichana. Anaitwa kwa jina la kike, anavaa kama wasichana, na akibanwa na haja anaingia choo kilekile anachoingia binti yako. Unataka kwenda kwa mwalimu mkuu umwombe mtoto huyo atafutiwe choo chake mwenyewe, mbali na wengine. Unaniuliza uanzeje kusema, maana Kiingereza bado kinakusumbua.

Ningeweza kukutungia hiyo sentensi ya Kiingereza tukamaliza, lakini sitafanya hivyo. Nakwambia mapema niliposimama, usije ukasema yaya alikuzungusha: naona mtoto yule aachwe aingie choo anachoingia sasa. Hofu yako siidharau hata kidogo. Binti uliyemvusha mipaka na makambi hadi kumfikisha huko, lazima umlinde. Kwa sababu hiyohiyo nataka tuikalie hofu hiyo, tuitazame vizuri, tujue inapaswa kumwelekea nani.

Tuanze kwa kujua tunamzungumzia nani. Transjenda ni mtu ambaye jinsia anayoijua nafsini mwake hailingani na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Msichana transjenda aliandikwa mvulana. Mvulana transjenda aliandikwa msichana. Usimchanganye na huntha, ambaye mwili wake wenyewe ulizaliwa na alama za jinsi zisizolingana kikamilifu na za kiume wala za kike, ingawa mlangoni pa choo wote wawili hukutana na mateso yaleyale. Wala usimchanganye na mwanamume anayejitia mwanamke ili apate kuchungulia watu. Huyo ni mhalifu, na nitamfikia.

Sasa, jambo ambalo pengine hakuna aliyekusimulia tangu ufike ni kwamba swali lako lilishafika mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilohilo la Maine, na lilianzia kwa mtoto wa darasa la tano kama wako. Anaitwa Nicole Maines. Yeye na pacha wake Jonas walikulia Orono, mji mdogo wenye chuo kikuu, kaskazini ya hapo ulipo. Nicole aliandikwa mvulana kama pacha wake, lakini tangu akiwa mdogo sana alikuwa akisema yeye ni msichana. Mwaka 2007, alipofika darasa la tano, shule na wazazi wake walikuwa wamekubaliana atumie choo cha wasichana. Akakitumia, na kwa muda mambo yakaenda shwari.

Kisha mvulana mmoja, kwa kuelekezwa na babu yake aliyekuwa mlezi wake, akamfuata Nicole hadi ndani ya choo cha wasichana, akidai kwamba kama Nicole anaingia basi na yeye ana haki ya kuingia. Alifanya hivyo zaidi ya mara moja. Niambie, mdogo wangu: katika watoto hao wawili, ni yupi aliyewaingilia wasichana chooni kwa makusudi? Lakini aliyeondolewa ni Nicole. Aliambiwa atumie choo cha walimu, yeye peke yake katika wanafunzi wote, na akawekewa mtu mzima wa kumfuata nyuma kila aendako. Alipopanda darasa la sita, hali ikawa ileile. Familia ikashindwa kuvumilia. Mama na watoto wakahama Orono wakaja kuishi Portland, mji huohuo wako, baba akabaki nyuma kwa ajili ya kazi.

Wazazi walishtaki. Mahakama ya chini iliipa shule ushindi. Tarehe 30 Januari 2014 mahakama ya juu ya jimbo ikaupindua uamuzi huo. Ilisema kwamba ikiwa imethibitika wazi kuwa utulivu wa akili wa mwanafunzi na masomo yake vinategemea kutumia choo kinacholingana na jinsia anayoishi, kumnyima choo hicho ni ubaguzi chini ya sheria ya haki za binadamu ya Maine. Hakuna mahakama ya juu ya jimbo lolote la Marekani iliyokuwa imewahi kusema hivyo kabla. Baadaye familia ililipwa dola 75,000. Nicole amekuwa mwigizaji, na pengine binti yako ameshamwona bila kujua, kwa maana kuanzia 2018 ndiye aliyeigiza shujaa Dreamer katika tamthilia ya Supergirl.

Kwa hiyo ukienda kwa mwalimu mkuu na ombi lako, jibu lake limeshaandikwa miaka mingi. Lakini sikusimulii haya ili nikufunge mdomo kwa sheria. Nimekusimulia kwa sababu ya yule babu. Huenda aliamini kwa dhati kwamba anatetea kilicho sawa. Alichofanya ni kumtuma mtoto akamwinde mtoto mwenzake chooni. Mzazi mwenye hofu anaweza kufika hapo kwa hatua ndogondogo, kila moja akiiona ni ya busara, na ya kwanza huwa ni safari ya kwenda ofisini kwa mwalimu mkuu kuomba mtoto wa mwenzake atengwe.

Najua utaniambia: kwani akipewa choo cha peke yake anaumia nini? Wengi huuliza hivyo, na wanauliza kwa nia njema. Sikiliza habari za Gavin Grimm, mvulana transjenda aliyesoma sekondari ya Gloucester, jimbo la Virginia. Mwaka 2014 mwalimu mkuu alimruhusu kutumia choo cha wavulana. Akakitumia kwa takriban wiki saba, hakukutokea rabsha yoyote. Watu wazima wa mji ndio waliopeleka malalamiko kwenye bodi ya shule. Mikutano ya bodi ilikuwa ya wazi, na mmoja baada ya mwingine walisimama kwenye kipaza sauti wakaujadili mwili wa mtoto wa miaka 15 aliyekuwa ukumbini humohumo akiwasikiliza. Desemba mwaka huo bodi ikapiga kura, 6 kwa 1, akakatazwa.

Alibakiwa na chumba cha nesi na vyoo vichache vya mtu mmojammoja ambavyo shule ilivitengeneza. Kwenye makaratasi, choo alikuwa nacho. Katika maisha ya kila siku ilikuwa hivi: kila akitoka darasani kwenda kujisaidia, njia anayoielekea inamtangaza kwa wenzake wote. Siku ya mechi ya jioni, vyoo alivyoruhusiwa vimefungwa, ikabidi aondoke shuleni kwenda kutafuta choo kwingine. Kwa hiyo akaanza kujizuia. Alibana siku nzima, akapata maambukizi ya njia ya mkojo, yale tunayoyaita UTI, na hayo yako katika kumbukumbu za mahakama. Kesi yake ilipanda na kushuka hadi Agosti 2020, mahakama ya rufaa ilipompa haki. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza bodi, na bodi ikakubali kulipa dola milioni 1.3 za gharama za mawakili wa Gavin. Wakati huo alikuwa ameshamaliza shule tangu 2017. Hakuna mahakama ambayo ingeweza kumrudishia miaka aliyokaa darasani akisikiliza kibofu chake badala ya mwalimu.

Sisi wanawake tunaijua adha hii. Nani kati yetu hajakataa maji safarini kwa kuhofia basi halitasimama, na likisimama ni porini mbele ya macho ya abiria wote? Unafika mdomo umekauka, kichwa kinagonga, tumbo la chini linawaka moto. Sasa fikiria kila siku ya shule na kila siku ya kazi iwe safari ya namna hiyo. Mwaka 2015 ulifanyika uchunguzi mkubwa nchini Marekani uliowahoji transjenda 27,715. Katika mwaka uliotangulia, asilimia 59 yao walikuwa wameepuka vyoo vya umma kwa kuogopa kufanyiwa ubaya. Asilimia 32 walipunguza kula au kunywa ili wasihitaji choo wakiwa nje ya nyumba. Asilimia 8 waliugua njia ya mkojo au figo kwa sababu hiyo. Unapoomba mtoto yule atengwe, unamwombea njia hii.

Turudi kwenye hofu yako, maana najua bado ipo kifuani.

Umekulia Uvira, katika paseli, nyumba kadhaa zinazozunguka uwanja mmoja. Mimi nimekulia nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, Dar es Salaam, kila chumba na mpangaji wake, na uani choo kimoja. Alikuwepo fundi cherehani mseja, walikuwepo wanandoa, alikuwepo bibi mjane, tulikuwepo sisi wasichana wa baba mwenye nyumba. Wote tuliingia choo kilekile. Hakuna aliyebandika picha ya gauni au suruali mlangoni. Kilichotulinda kilikuwa adabu inayojulikana na kila mtu: ukikaribia unakohoa, aliye ndani naye anakohoa, unageuka unaondoka. Kopo la maji likiwa nje ya mlango unajua kuna mtu. Huchungulii, hugongi kwa fujo, humsubirii mtu mlangoni. Mpangaji aliyevunja adabu hiyo aliitwa na baba mbele ya wapangaji wote, na akirudia alifungashiwa vitu vyake. Aliulizwa juu ya alichokifanya, basi.

Katika nyumba kama hizo, msichana anaposumbuliwa chooni, chanzo huwa mwanamume anayejulikana na wote kuwa mwanamume, au bawaba iliyong'oka, au choo kilichojengwa gizani mbali na nyumba. Wala mwanamume mwenye nia mbaya hahitaji gauni wala ruhusa ya serikali ili asukume mlango. Sheria inayomruhusu transjenda kuingia choo haifuti kosa la kuchungulia, la kupiga picha wala la kumshika mtu. Makosa hayo yanabaki makosa yaleyale, kwa adhabu zilezile, awe kayatenda nani.

Jambo hili limepimwa pia. Jimbo la Massachusetts, ambalo haliko mbali na hapo ulipo, lilikuwa na miji iliyowaruhusu transjenda kutumia vyoo vya jinsia yao hata kabla jimbo zima halijapitisha sheria hiyo mwaka 2016. Watafiti wakachukua taarifa za polisi za miji hiyo wakazilinganisha na za miji inayofanana nayo isiyokuwa na kanuni kama hizo. Matokeo yao yalitoka 2018: matukio ya uhalifu katika vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo yalikuwa machache sana kote, na kanuni hizo hazikuyaongeza. Novemba mwaka huohuo wananchi wa Massachusetts waliulizwa kwa kura kama sheria ya jimbo ifutwe au ibaki. Takriban theluthi mbili walisema ibaki.

Kuna kitu kingine nataka ukifikirie kama mama wa mtoto wa Kiafrika. Tuseme shule inakubali kuwa choo cha wasichana kilindwe dhidi ya wasiotakiwa. Nani atasimama mlangoni, naye atatazama nini? Hawezi kumvua mtu nguo, kwa hiyo atatazama sura. Atawasimamisha walio warefu, wenye mabega mapana, wenye sauti nzito, wenye nywele fupi. Kwetu msichana wa shule kunyolewa nywele ni kawaida kabisa, kuanzia Bujumbura hadi Mombasa. Binti yako akija na kichwa chake cha kipara kizuri, mweusi, mrefu kuliko wenzake, unadhani macho ya mlinzi huyo yatatua kwa nani kwanza? Ulinzi wa aina hiyo unawaangukia wanawake wote wasiofanana na picha iliyo kichwani mwa mlinzi. Na upande wa pili, sheria ileile ingemlazimisha kijana kama Gavin, mwenye ndevu na sauti ya kiume, aingie choo cha wanawake. Hilo nalo, je, lingekuacha ulale?

Na ukaguzi wa mwili unafika mbali. Huku kwetu, Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliyoketi Eldoret iliamua kesi ya mwanamke transjenda aliyekamatwa, akavuliwa nguo na kukaguliwa ili watu wajiridhishe na jinsia yake. Jaji alisema utu wake ulivunjwa, akaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 1 za Kenya, na akaitaka serikali itunge sheria ya kuwalinda watu wa hali yake. Ukiisoma habari hiyo kama mama, huwezi kutaka mtoto wa mtu yeyote akaguliwe namna hiyo, shuleni au kituoni.

Basi uende shuleni au usiende? Nenda, mdogo wangu. Nenda na ombi lingine. Umeniandikia kwamba ulishangaa kuona vyoo vya huko: vibanda vyenye milango inayoishia magotini, na upenyo pembeni mwa mlango unaoweza kupitisha jicho. Ulishangaa kwa haki. Sisi tuliolelewa kwa stara tunaona jambo hilo si sawa kwa mtoto yeyote. Mwombe mwalimu mkuu milango inayofika chini, kuta zisizo na upenyo, na komeo linalofunga kweli. Uliza ni nani anayesimamia eneo la vyoo wakati wa mapumziko na mtoto akisumbuliwa aripoti kwa nani. Uliza kama kipo choo cha mtu mmoja kilicho wazi kwa mwanafunzi yeyote anayependa faragha zaidi, ili binti yako akiona haya akitumie kwa hiari yake, bila mtu kumsukuma. Unayo haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili. Shule za serikali za Marekani zinatakiwa kumpatia mzazi mkalimani bila malipo, na usikubali mtoto wako ndiye atafsiri mazungumzo haya.

Nyumbani, zungumza na binti yako. Watoto wa miaka kumi huelewa haraka kuliko tunavyodhani. Mwambie mwenzake ni msichana anayeishi hivyo, aitwe jina lake, na habari za mwili wake hazimhusu mtu yeyote, kama habari za mwili wake yeye zisivyowahusu wengine. Mwambie pia, kwa uzito uleule, kwamba mtu yeyote akimchungulia au kumgusa, awe mwanafunzi, mwalimu au mjomba, aje akwambie siku hiyohiyo na hatagombezwa. Maneno haya mawili hayapingani. Na ukisikia wenzake wamemzingira mtoto yule mlangoni pa choo, hakikisha wako hayumo.

Wapo mnaoniandikia mkitaja dini, Waislamu na Wakristo. Mimi ni mtu wa ibada na sisemi mengi juu ya imani ya mwenzangu. Nawaomba tu mtofautishe maswali. Unaweza kuwa na msimamo wako juu ya maisha ya transjenda na usimnyime mtu mahali pa kujisaidia. Tumefundishwa kumsitiri mtu anapokwenda haja, kumpisha, kutomtazama. Sijaona mahali tulipofundishwa kumuuliza kwanza amezaliwaje.

Walio nje ya Maine wajue kuwa sheria si moja kila mahali. Marekani yenyewe imegawanyika. Serikali kuu hugeuka kila rais anapobadilika: Mei 2016 ilizielekeza shule ziwaruhusu wanafunzi transjenda kutumia vyoo vya jinsia yao, Februari 2017 mwelekeo huo ukaondolewa. Florida, tangu 2023, mtu mzima akiingia choo kisicho cha jinsia aliyozaliwa nayo ndani ya jengo la serikali, akaambiwa na mhusika atoke akakataa, anaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai. Texas nayo ilipitisha sheria yake 2025, yenye faini kubwa kwa taasisi za umma zisizoifuata. Uingereza, tarehe 16 Aprili 2025, Mahakama ya Juu iliamua kwamba neno mwanamke katika Sheria ya Usawa ya 2010 maana yake ni mwanamke kwa kuzaliwa, ingawa ilisema pia kwamba transjenda bado wanalindwa dhidi ya ubaguzi na unyanyasaji. Kinyume chake Japani, Julai 2023, majaji wote watano wa jopo la Mahakama ya Juu walikubaliana kumtetea mfanyakazi transjenda wa wizara moja ya serikali, aliyekuwa akilazimishwa kutumia vyoo vya wanawake vilivyo ghorofa mbili au zaidi kutoka ofisini kwake. Mahakama iliangalia miaka yote aliyovitumia vyoo hivyo, ikakuta hakuna tatizo lolote lililotokea.

Kwa hiyo wewe msomaji wa Houston unayesimamia wafanyakazi wa usafi hotelini, uliyeuliza ufanye nini mgeni akilalamika kwamba "kuna mwanamume" choo cha wanawake: muulize aliyelalamika huyo mtu amefanya nini. Kama amefanya jambo baya, ita ulinzi. Kama jibu ni kwamba ameingia akanawa mikono, hakuna kazi ya kufanya hapo. Usimfuate mtu ndani kumwuliza kitambulisho, na usimwagize kijana wako wa usafi afanye hivyo. Hoteli yenu ni mali ya mtu binafsi, na sheria ile ya Texas inahusu majengo ya umma. Vyoo vya mtu mmoja ambavyo mnavyo karibu na ukumbi, mwombe meneja aondoe picha za mwanamume na mwanamke milangoni. California imelazimisha hivyo kwa kila biashara tangu Machi 2017, na faida ni kubwa hata kwa baba aliye na binti mdogo, na kwa mzee anayesaidiwa na mtoto wa jinsia tofauti.

Nimekuweka mwisho wewe mdogo wangu transjenda wa Nairobi, uliyeniandikia kwa mistari michache kwamba hunywi maji kuanzia asubuhi mpaka urudi chumbani kwako Kayole. Wewe ndiye uliyenifanya nilale nikiwaza. Katiba ya nchi yako ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi wa mazingira, na ibara ya 28 inasema kila mtu ana utu unaostahili kuheshimiwa. Haikuandika isipokuwa wewe. Umoja wa Mataifa nao uliutambua usafi huo, pamoja na maji, kuwa haki ya binadamu Julai 2010. Lakini najua haki iliyo kwenye kitabu haikufungulii mlango wa choo cha stendi saa moja jioni, kwa hiyo nikupe ya kufanya leo.

Tengeneza ramani yako ya vyoo vya chumba kimoja vyenye komeo: mikahawa, vituo vya mafuta, zahanati, maduka makubwa. Nunua hata chai ili usisemwe. Choo cha watu wenye ulemavu, ukikitumia, usikae sana, maana kuna anayekihitaji kuliko wewe. Nenda na rafiki anayesimama nje. Mtu akianza kukupigia kelele usibishane naye wala usijieleze. Ondoka kuelekea penye watu na mwanga, maana kelele moja huita kundi, na kundi halisikilizi. Kazini, tafuta mkubwa mmoja unayemwamini, ongea naye peke yenu, umwombe ufunguo wa choo cha ofisi. Wapo mawakili na vikundi vya watu wa hali yako hapo Nairobi waliokwishapigana kesi mahakamani wakashinda. Usibaki peke yako.

Na kunywa maji, tafadhali. Gawanya kidogokidogo siku nzima. Ukianza kuhisi moto wakati wa kukojoa, mkojo unakuja kidogo kila mara au una harufu kali, usisubiri. Homa ikiongezeka pamoja na maumivu ya ubavuni au mgongoni, huenda maambukizi yameshapanda kuelekea kwenye figo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mweleze daktari wazi kwamba unabana mkojo kwa saa nyingi, hata kama hutaki kumweleza kwa nini. Dawa ukipewa, imeze mpaka dozi iishe, kisha niandikie tena, kwa urefu zaidi safari hii.